Ukungu Unaorudi Kila Msimu: Mwongozo Kamili wa Kuikausha Nyumba Katika Hali ya Hewa Yenye Unyevu

Vidoa vidogo vyeusi au vya kijani hujitokeza ukutani nyuma ya kabati la nguo, hukutana, kisha huwa baka moja lenye harufu ya udongo uliolowa. Mwenye nyumba hulisugua kwa dawa, hupaka rangi juu yake, na baada ya muda baka linatokea palepale, mara nyingi likiwa limetanuka zaidi. Wengi huamini kwamba dawa waliyotumia ilikuwa dhaifu, na hivyo hutafuta iliyo kali kuliko ile ya kwanza. Ukweli ni kwamba maji yanayoulisha ukungu huo bado yapo, na hakuna dawa wala rangi inayoweza kuyaondoa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na maji, kisha unakuja kwenye kusafisha, na ninamwomba msomaji asiuruke mfuatano huo, hata kama baka linamkera kila akiliona.

Ukungu unahitaji nini

Vijimbegu vya kuvu, yaani vichembe ambavyo ukungu huota kutoka kwavyo, vimo katika hewa ya kila nyumba, safi na chafu, na ni vidogo mno kuonekana kwa macho, kwa hiyo haiwezekani kuvimaliza. Chakula chao nacho hakikosekani: karatasi inayofunika bodi za jipsamu, mbao, pamba, ngozi, gundi ya samani, mabaki ya sabuni kwenye vigae, na hata vumbi jembamba lililotulia juu ya rangi ya ukuta. Joto la maeneo yenye unyevu linawafaa karibu mwaka mzima. Katika mahitaji yote ya ukungu, kitu pekee ambacho mwenye nyumba anaweza kukidhibiti ni maji.

Maji hayo si lazima yaonekane. Sehemu ya ukuta ikikaa kwa siku kadhaa ikiwa na unyevu wa hewa unaozidi asilimia 80 kwenye uso wake (yaani 80 kati ya kila 100 ya mvuke ambao hewa inaweza kuubeba kwa joto lile), ukungu unaweza kuota bila tone hata moja kudondoka. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza hewa ya ndani ibaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50, ingawa katika nchi za joto na unyevu kiwango hicho cha pili ni vigumu kukifikia bila mashine. Vitu vilivyolowa kabisa, kama zulia lililofurikiwa au dari iliyovujiwa, vinatakiwa kukauka ndani ya saa 24 hadi 48, kwani baada ya hapo ukungu huwa umeshapata nafasi ya kuanza.

Kuna jambo moja la kisayansi ambalo anayelielewa atakuwa ameelewa nusu ya tatizo lake. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi: kwa nyuzi 30 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takribani gramu 30 za mvuke, lakini kwa nyuzi 20 inabeba takribani gramu 17 tu. Hewa ya joto inapogusa kitu kilicho baridi kuliko yenyewe, hushindwa kuendelea kuubeba mvuke wote na kuuacha juu ya kitu hicho, kama tunavyoona bilauri ya maji baridi inavyotokwa na jasho mezani. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha matone inapogusa uso wenye nyuzi 26 hivi au chini ya hapo. Ukuta wa chumba chenye kiyoyozi, sakafu ya vigae iliyokaa juu ya udongo, na kona iliyo nyuma ya kabati ambako hewa haipiti, vyote vinaweza kufikia kiwango hicho bila mtu kutambua.

Kupima kabla ya kufanya lolote

Nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, kile ambacho kwa kawaida huonyesha na joto pia. Si kifaa cha gharama kubwa, na kitakuepusha na matumizi mengi ya kubahatisha. Kwa kuwa baadhi ya vipimo hivi husoma vibaya, kijaribu kwanza kwa chumvi ya mezani: weka chumvi katika kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukihakikisha kwamba chumvi haikigusi kipimo. Baada ya saa nane au zaidi, hewa iliyomo mfukoni itakuwa imetulia kwenye asilimia 75. Ikiwa kipimo kinasoma 70, utajua kwamba daima kinapunguza tano, na utaziongeza kila unaposoma.

Baada ya hapo, kiweke katikati ya chumba kwa siku mbili tatu, ukiandika kinachosoma asubuhi, alasiri na usiku kabla ya kulala. Kisha kihamishie palepale penye ukungu: nyuma ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya droo. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ndiyo inayofundisha. Chumba kinaweza kusoma 62 katikati na 80 nyuma ya kabati, na hapo utakuwa umefahamu kwamba unachopungukiwa ni mzunguko wa hewa kwenye kona hiyo.

Kutambua maji yanatoka wapi

Unyevu wa nyumbani una asili nne tu: mvua inayopenya kutoka nje, bomba linalovuja, maji ya ardhini yanayopanda kwenye ukuta, na mvuke uliomo hewani. Nyumba moja inaweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa kuwa wametibu moja na kuona hakuna nafuu.

Maji ya mvua huacha baka ambalo huongezeka baada ya mvua na kufifia wakati wa ukavu. Mara nyingi huwa juu, karibu na dari, au kandokando ya dirisha, na huwa na mstari wa kahawia pembezoni pale maji yalipoishia. Kumbuka kwamba maji husafiri juu ya mbao za kenchi au ndani ya dari kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu la bati linaweza kuwa mita kadhaa mbali na baka. Ukishindwa kulipata, subiri siku kavu, mwombe mtu amwagie ukuta au paa maji kwa mpira huku wewe ukiangalia ndani, akianzia chini na kupanda polepole, akikaa dakika kadhaa kila sehemu. Akianzia juu, maji yatatiririka kila mahali na hutajua ni wapi hasa yalikopenya.

Tahadhari moja juu ya paa la mabati: usiku wenye anga safi, bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, na umande hujikusanya upande wa ndani na kudondokea darini. Mwenye nyumba akiamka na kuona dari imelowa huku mvua haijanyesha, anamwita fundi wa kuziba matundu ambayo hayapo. Dari ikilowa asubuhi za siku zisizo na mvua na kukauka mchana, tatizo ni umande, na dawa yake ni kuliwekea bati tabaka la kuzuia joto kwa chini na kuruhusu hewa ipite kati ya bati na dari.

Bomba linalovuja halijali msimu. Baka lake hubaki na unyevu uleule kiangazi na masika, na mara nyingi liko upande wa pili wa bafu, jiko au choo. Funga mifereji yote ya maji ndani ya nyumba, soma mita, usitumie maji kwa saa mbili, kisha soma tena. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanatoka. Jaribio hili halitagundua bomba la maji machafu wala viungo vya vigae vya bafuni vilivyopasuka, kwa kuwa maji ya huko hayako kwenye shinikizo. Kwa hivyo ziba tundu la sakafu ya bafu, jaza maji kina cha vidole viwili, yaache kwa saa kadhaa, na uangalie kama yanapungua au kama ukuta wa nyuma unalowa.

Unyevu wa ardhini hupanda kutoka sakafuni na kwa kawaida hauvuki sana kimo cha mita moja. Hutengeneza mstari wa mlalo usio sawasawa, na juu yake lipu huvimba, rangi hubanduka, na unga mweupe hujitokeza. Unga huo watu wengi huuita ukungu na kuupiga dawa bure, ilhali ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka udongoni au kwenye mchanga wa ujenzi. Udondoshee tone la maji: chumvi itayeyuka na kutoweka, lakini ukungu utabaki. Chumvi pia humeguka kwa kucha kama fuwele, na haina harufu ile ya uchakavu ambayo ukungu huwa nayo.

Mvuke wa hewani, asili ya nne, huonekana kwenye kona, nyuma ya samani, kwenye kuta zilizopigwa na ubaridi wa kiyoyozi, juu ya nguo na viatu, na kwenye kioo cha dirisha. Baka lake halina mpaka ulio wazi, bali ni vidoa vilivyotawanyika ambavyo hukolea kadiri hewa inavyokosa kupita.

Ikiwa bado una shaka kati ya asili hizi mbili za mwisho, fanya jaribio la plastiki. Kata kipande cha plastiki angavu chenye upana wa sentimita 40 hivi kila upande, kibandike kwenye ukuta au sakafu iliyofutwa vizuri, na kingo zote nne zizibwe kwa utepe wa gundi pasibaki hata upenyo. Kiache kwa siku moja hadi mbili. Ukikuta matone upande wa nyuma, ule unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta matone upande wa mbele huku nyuma pakiwa pakavu, maji yanatoka hewani. Sijui jaribio jingine la bei ndogo kiasi hiki linaloweza kumzuia mtu asivunje lipu nzima bila sababu.

Kuzuia maji ya nje na ya ardhini

Kazi za nje zitangulie za ndani. Safisha gata, kwani likijaa majani humwaga maji kwenye ukuta badala ya kuyapeleka kwenye bomba lake, na hakikisha bomba hilo halimwagi chini ya msingi bali linapeleka maji mbali na nyumba. Udongo unaozunguka nyumba unapaswa kuteremka kuelekea nje kwa takribani sentimita 15 ndani ya mita 3 za mwanzo. Misumari ya mabati ina vipande vya mpira ambavyo huchakaa kwa jua, kwa hiyo ikaguliwe kabla ya masika. Kizingiti cha dirisha kiwe na mteremko wa nje na mfereji mdogo upande wa chini, ambao hulikatisha tone lisirudi ukutani.

Unyevu wa ardhini ni mgumu zaidi, na ni vyema kusema wazi kwamba hauna tiba ya haraka. Nyumba iliyojengwa vizuri ina tabaka la kuzuia maji juu ya msingi, ambalo mafundi huliita DPC, na ardhi ya nje inatakiwa kubaki angalau sentimita 15 chini yake. Mara nyingi tabaka hilo lipo na ni zima, ila bustani iliyoinuliwa, njia ya zege iliyoongezwa baadaye, au rundo la mchanga lililosahauliwa kando ya ukuta limelipita, na maji yanapanda kwa kulizunguka. Kabla ya kumlipa mtu yeyote kuchoma sindano za kemikali ukutani, chimba na uondoe udongo huo, kisha usubiri miezi kadhaa uone.

Ninapinga kwa nguvu zote desturi ya kupaka rangi isiyopitisha maji, au kubandika vigae, upande wa ndani wa ukuta unaopandisha unyevu. Maji hayatoweki kwa kuzibiwa. Yakikosa pa kutokea kwenye mita ya kwanza, hupanda hadi ya pili, na baada ya mwaka mmoja au miwili baka liko juu zaidi ya pale lilipoanzia. Ukuta wa namna hiyo unahitaji kupumua: lipu ya saruji iliyoharibika ikwanguliwe hadi kimo kinachozidi mstari wa unyevu kwa nusu mita hivi, ukuta uachwe wazi ukauke, kisha upigwe lipu ya chokaa na rangi inayopitisha mvuke. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukuta hukauka kwa kasi ya mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na katika hewa yenye unyevu mwingi unaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.

Kama lipu ilichanganywa kwa mchanga wa baharini usiooshwa, chumvi iliyomo itaendelea kuvuta unyevu kutoka hewani hata baada ya kila tundu kuzibwa. Lipu ya aina hiyo haitibiki kwa kupakwa chochote, na ni lazima itolewe.

Kushughulikia mvuke wa ndani

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kufungua madirisha. Katika nchi baridi ushauri huo ni sahihi karibu daima, kwa sababu hewa ya nje hubeba mvuke kidogo. Katika hali ya joto na unyevu ni sahihi nusu tu, na inampasa kila mtu kujua yuko kwenye nusu ipi.

Nyumba isiyo na kiyoyozi inapaswa kuwa wazi kadiri inavyowezekana, kwa sababu kuta zake huwa na joto linalokaribiana na la hewa, na upepo unaopita kutoka dirisha moja hadi la upande wa pili hukausha nyuso zake. Feni inayozunguka polepole katika chumba kisicho na dirisha la pili ina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Haipunguzi mvuke, lakini huzuia hewa isilale kwenye kona. Nyumba hiyo ibaki wazi isipokuwa katika nyakati mbili: mvua inaponyesha kwa upepo, na siku za kwanza za joto na unyevu baada ya kipindi cha baridi, wakati ambapo sakafu bado ni baridi na hewa inayoingia huifanya ilowe kama imemwagiwa maji. Siku hizo funga madirisha hadi sakafu ipate joto, kisha fungua.

Nyumba yenye kiyoyozi inapaswa kufungwa kiyoyozi kinapofanya kazi. Dirisha lililoachwa nusu wazi huleta mvuke mpya kila dakika kwenye kuta zilizokwisha kupozwa, na huo ndio mwanzo wa ukungu mweusi unaozunguka tundu la kiyoyozi na juu ya pazia. Usikiweke chini ya nyuzi 24 au 25 bila sababu. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi cha chumba nacho kina madhara, kwani hupoza haraka na kuzima kabla hakijatoa maji ya kutosha hewani, na chumba hubaki baridi na chepechepe. Kama kina mpangilio wa kukausha hewa, utumie wakati wa masika. Feni yake iwekwe kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, kwa sababu ikizunguka mfululizo baada ya mashine kuacha kupoza, hurudisha chumbani maji yaliyokuwa yamebaki juu ya mabomba yake. Safisha kichujio, na hakikisha bomba la kutolea maji halijaziba.

Kisha punguza mvuke unaouzalisha mwenyewe. Furushi moja la nguo zilizofuliwa linaweza kuachia lita mbili za maji linapokauka, na zikianikwa chumbani, maji yote hayo hubaki chumbani. Kama huna pa kuzianika nje wakati wa mvua, zianike katika chumba kimoja tu, mlango ukiwa umefungwa na dirisha la chumba hicho likiwa wazi, feni ikizielekea. Funika sufuria zinazochemka. Gesi ya kupikia nayo hutoa mvuke inapoungua, mbali na ule wa chakula, hivyo feni ya jikoni lazima itoe hewa nje ya nyumba. Ile inayochuja na kuirudisha ndani huondoa mafuta na harufu bila kuondoa maji. Bafuni, futa vigae kwa mpira wa kufutia maji baada ya kuoga, funga mlango, na uache feni ya kutoa hewa iendelee kwa dakika 20 hadi 30. Kagua kwamba bomba la feni hiyo linafika nje kabisa. Nimekwisha kuona mabomba yaliyoishia ndani ya dari, na mbao za juu zikiwa zimeoza huku bafu lenyewe likiwa safi.

Samani zisigusane na ukuta wa nje. Nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma ya kabati, na miguu inayoliinua kutoka sakafuni, huruhusu hewa ipande nyuma yake. Usijaze kabati hadi milango ishindwe kufunga, na usirudishe ndani vazi lililovaliwa likiwa bado na jasho. Godoro lililolazwa moja kwa moja sakafuni hupata ukungu upande wa chini, kwa kuwa joto la mwili hupeleka mvuke chini na sakafu baridi huugeuza kuwa maji; liwekwe juu ya chaga zenye nafasi.

Ikiwa umefanya haya yote na kipimo bado kinasoma zaidi ya asilimia 65 kwa siku nyingi mfululizo, fikiria mashine ya kupunguza unyevu. Katika joto, ile yenye kompresa, inayofanya kazi kama jokofu, ndiyo inayofaa. Iendeshe chumba kikiwa kimefungwa, uilenge kwenye asilimia 55, na uunganishe mpira wa kutolea maji ikiwezekana, kwani tangi lililojaa huizima na watu husahau kulimwaga. Ifahamike pia kwamba huongeza joto kidogo chumbani. Vikopo vya kalsiamu kloridi na vifuko vya silika vinafaa ndani ya kabati lililofungwa, na havitoshi kwa chumba kizima. Mkaa kwenye bakuli hupunguza harufu na hauukaushi ukuta, na vidonge vya naftalini ni vya wadudu, havina kazi yoyote juu ya unyevu.

Kuusafisha ukungu

Sasa ndipo zamu ya brashi. Kama eneo lililoathirika halizidi takribani mita moja ya mraba, mtu mwenye afya anaweza kulisafisha mwenyewe. Likizidi hapo, au likiwa limetokana na maji taka, tafuta wenye vifaa vya kazi hiyo. Mwenye pumu, mzio mkali wa vumbi, ugonjwa wa mapafu au kinga dhaifu ya mwili asishiriki, na asiwemo nyumbani wakati kazi inafanyika. Rangi ya ukungu haielezi ubaya wake: si kila ukungu mweusi ni ule unaoogopwa, na wa kijani au mweupe haupaswi kuachwa kwa sababu ya rangi yake. Yote huondolewa kwa namna ileile, na kwa nyumba ya kawaida hakuna haja ya kulipia vipimo vya maabara.

Vaa barakoa ya aina ya N95 au inayolingana nayo, glavu za mpira na miwani isiyo na matundu. Funga mlango wa kuelekea vyumba vingine, fungua dirisha, na uzime kiyoyozi na feni ili vijimbegu visisambazwe. Usifagie wala usikwangue ukungu mkavu. Lowesha kwanza baka lote kwa maji yenye sabuni, kisha sugua kwa brashi au sponji, futa kwa kitambaa chenye unyevu, suuza kitambaa katika ndoo nyingine, rudia kwa maji safi, na ukaushe mara moja kwa kitambaa kikavu ukifuatiwa na feni.

Kwa nyuso ngumu zisizonyonya, yaani vigae, kioo, plastiki na chuma, sabuni inatosha mara nyingi. Anayetaka kutumia dawa ya klorini ya kufulia asizidishe kikombe kimoja kwa lita nne za maji, na asiichanganye kamwe na siki, amonia, wala dawa ya chooni yenye tindikali, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua katika bafu dogo. Kwenye lipu na mbao klorini haipendekezwi: huondoa rangi ya ukungu kwa juu huku maji iliyochanganywa nayo yakizama ndani. Siki nyeupe isiyochanganywa inaweza kupuliziwa kwenye lipu iliyopakwa rangi, ikaachwa saa moja na kufutwa, ila isiguse marumaru, terazo wala jiwe lolote la chokaa, kwani huyala. Kuua ukungu bila kuuondoa hakutoshi, kwa kuwa hata uliokufa huendelea kuwasha macho na mapua.

Bodi za jipsamu, silingi bodi laini, mazulia yaliyolowa na sponji za magodoro hunyonya ukungu hadi ndani. Vitu hivyo vikishapenywa, vikatwe au vitupwe, vikiwa vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kupitishwa kwenye vyumba vingine.

Nguo zipigwe brashi nje ya nyumba, zifuliwe kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu, na zianikwe juani hadi zikauke kabisa. Viatu na mikoba ya ngozi ifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 70, baada ya kujaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha ikaushwe kivulini penye upepo, kwani jua kali huipasua. Vitabu vifunguliwe na kusimamishwa mbele ya feni hadi vikauke, ndipo vipigwe brashi laini nje.

Kupaka rangi, na kumwita fundi

Usipake rangi hadi jaribio la plastiki litoke kavu pande zote mbili. Lipu mpya ya saruji ipewe angalau wiki nne. Rangi yenye dawa ya kuvu inafaa bafuni na jikoni kama kinga ya ziada, lakini nguvu ya dawa hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, na ikipakwa juu ya ukungu hai hubanduka pamoja nao. Baada ya kupaka, rudisha kipimo chako cha unyevu kwenye kona iliyokuwa na shida na ukisome mara moja kwa wiki katika msimu wote wa mvua unaofuata.

Anayepanga nyumba hana mamlaka ya kuvunja lipu wala kubadilisha paa. Apige picha zenye tarehe, aandike alichosoma kwenye kipimo, aonyeshe matokeo ya jaribio la plastiki, na ampelekee mwenye nyumba kwa maandishi. Unyevu unaotoka ndani ya ukuta, kwenye paa au kwenye bomba ni wa jengo, na ushahidi huo huondoa hoja ya kwamba mpangaji hafungui madirisha.

Fundi anapokuja, mwulize swali moja kabla ya bei: maji haya yanatoka wapi, na amejuaje. Akijibu kwa kutaja rangi au dawa atakayopaka, mshukuru na umtafute mwingine. Atakayekubaliana nawe kuhusu chanzo, aandike kazi atakayofanya kukizuia, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe na ukuta ukaguliwe mkiwa wote wawili.